Verna Dworak, Aliyekataa Kupandisha Bei

Wasikilizaji wapendwa, Verna Dworak ametutoka. Verna wa mkahawa wa karibu na reli, hapa hapa Tolliver, Nebraska. Yule aliyekataa kupandisha bei.

Vijana hamkuyaona. Mwaka 1942 jeshi lilijenga kambi ya ndege kwenye mashamba ya ngano, na mji wetu ukanenepa kama kupe. Kufa kufaana. Kinyozi akapandisha bei. Mwenye hoteli akapandisha bei. Orval Stehlik, mwenyekiti wa wafanyabiashara, akawatimua kuku wake, akalipaka banda chokaa, akawapangisha wake za askari. Jumapili huyo huyo alikaa kiti cha mbele kanisani, akiwaombea wanajeshi wetu.

Verna alikataa. Supu na mkate, bei ile ile ya kabla ya kambi.

Stehlik akamfuata jikoni. "Verna, dada yangu, unatuharibia soko. Hawa ni wapita njia tu."

Verna hakuinua macho kwenye sufuria. "Wapita njia hawa wanakwenda kufa, Orval. Wewe unakwenda wapi?"

Basi wenyeji wakamsusia, wasikanyage tena mkahawani kwake. Hata mwenye bucha akakataa kumuuzia nyama. Binti wa Verna, Rosalie, anakumbuka: "Kipupwe kizima tulipika maharage. Askari walikula, wakaomba waongezwe."

Februari, Lorene, mke wa rubani, akashikwa na uchungu mle bandani, theluji ikipenya kati ya mbao. Verna akaenda kumchukua, akamlaza kitandani kwake mwenyewe. Mtoto akazaliwa salama. Kesho yake Stehlik akabisha hodi. Mnadhani alileta pole? Alikuja kudai kodi ya banda.

"Kawadai kuku," Verna akamwambia, akafunga mlango.

Vita vikaisha, kambi ikafungwa. Askari wakaondoka, na hakuna aliyegeuka kutuaga. Hoteli ikafa, kinyozi akahama, na wale walafi wakalia kwamba serikali imewatupa. Stehlik alizeeka akila kwa Verna. "Mama alimpa supu kama mteja yeyote," anasema Rosalie. "Kumsamehe, hakumsamehe."

Leo barabara yetu kuu inaitwa Stehlik. Verna hana hata uchochoro.

Rosalie, pole sana wewe na jamaa zako wote. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkipita barabara hiyo, mjiulize: Verna aliposusiwa, babu yako alikula wapi?