Gia Mbili Anachagua Breki

Benchi letu liko juu ya mteremko, mbele ya gereji: ubao mmoja juu ya matairi mawili mabovu. Ubao ni wangu, kahawa ni yangu, kelele ni zao. Hukaa watatu. Spana ni fundi wa hapo gereji. Redio ni mlinzi mstaafu, hazimiki. Wa tatu ni Gia Mbili, mzee aliyefiwa na mkewe, mwenye pikapu ya dizeli. Mteremko huu aliushuka miaka yote kwa gia namba mbili, tangu juu mpaka bondeni, alikoolewa binti yake. Mwaka jana breki zilichemka kona ya tatu, zikagoma. Hakuumia, ila tangu siku hiyo hajashuka. Anachagua breki ya moshi ya kuongezea. Mjukuu amezaliwa huko chini, ameota meno, anatembea, babu bado anachagua.

— Spana, nieleze tena.

— Mara ya mia hii, mzee. Ni kifuniko ndani ya bomba la moshi. Ukiinua mguu kwenye mafuta kinajifunga, injini inakabwa pumzi, gari linapungua mwendo. Breki za magurudumu hazichemki.

— Sawa. Ya tundu au ya springi?

— Ya tundu, yenye kifuniko kilichotobolewa, ni rahisi, ila ukienda taratibu inalegea. Ya springi inajipima yenyewe. Kwa mwendo wako, chukua ya springi.

— Ijifunge kwa upepo au kwa umeme?

— Pikapu yako ina tangi la upepo?

— Haina.

— Basi umejijibu.

Gia Mbili akanywa kahawa kama mtu ambaye hajajibiwa.

— Usimpoteze mzee wa watu, akadakia Redio. Moshi ukizibwa unarudi ulikotoka. Kuna jamaa alifunga hiyo kitu, alipofika katikati ya mteremko gari likaanza kupanda kinyumenyume.

— Ulikuwepo? akauliza Spana.

— Alinisimulia aliyekuwa analisukuma.

— Analisukumaje gari linalopanda lenyewe? nikamuuliza.

— Bibi, wewe mimina. Tena dizeli ikizibwa sana inageuka petroli. Hiyo ni sayansi.

— Sayansi ya lindo la usiku, akasema Spana.

Gia Mbili hakucheka.

— Na kifuniko kikae karibu na injini, au huku nyuma?

— Karibu! Redio akamuwahi fundi. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

Alikuwa anasema habari za bomba. Gia Mbili akainamia kikombe.

— Binti alipiga simu jana, akasema. Mtoto ameanza kusema "babu".

— Hongera!

— Anamwita hivyo beberu wa jirani. Kwa sababu ya ndevu.

Nikamwongezea kahawa.

— Haraka haraka haina baraka, Redio akamfariji.

— Miezi kumi na minne tangu breki zigome, nikasema. Kobe angekuwa ameshafika, amerudi kuchukua mwavuli.

Sisemi kwamba sisi wengine tuna pa kwenda. Mimi nikifika nyumbani, wa kugombana naye ni birika.

Ndipo akatokea mama mmoja, begi begani, vumbi mpaka magotini.

— Shikamooni. Nimeambiwa hapa kuna mzee wa pikapu anayeshuka bondeni.

— Ndiye huyu, akasema Spana.

— Shikamoo baba. Unashuka lini?

Spana akaanza kufuta mikono isiyokuwa na grisi. Redio akazimika. Gia Mbili akakohoa.

— Marahaba, mwanangu. Bado nachagua breki.

— Kwani gari halina?

— Zipo. Huyu fundi alibadilisha zote, mwaka jana huohuo.

Mama akaitazama barabara ya bondeni.

— Basi acha nitembee, baba.

Akahamisha begi bega la pili, akashika mteremko. Tulimfuata kwa macho mpaka kona ya tatu. Wala hakupunguza mwendo.

Gia Mbili akanisogezea kikombe.

— Imekwisha, nikamwambia.

— Yote?

— Yote.

Akainuka, akapapasa funguo mfukoni, akaenda kwake, pikapu inakolala. Hao wawili nao wakatawanyika.

Birika lilikuwa bado nusu. Nusu hiyo nikainywa mwenyewe, sikio likiwa barabarani, likingoja mlio wa pikapu.