Aliyeweka Maua Kabla ya Ibada

Wapendwa, amani iwe kwenu. Mtanivumilia, maana mkono wangu umezoea mkasi, hiki kipaza sauti sijakizoea. Wengi mnanitazama mkijiuliza huyu ni nani. Haya maua mnayoyaona hapa mbele kila Jumapili, mimi ndiye ninayeyaweka. Nimeyaweka muda mrefu bila kuonana nanyi, na hiyo ndiyo habari yangu.

Nilikuja Dodoma nikiwa nimeolewa. Mume wangu alikuwa mtumishi wa ofisi, tukapanga Kizota. Akahamishiwa kituo kingine, akasema ngoja atangulie, akipata nyumba nitamfuata. Mwanzoni alipiga simu kila jioni. Baadaye akawa na shughuli nyingi. Mwishowe nikasikia kwa watu kwamba nyumba ameshapata, na mke wa kuishi naye humo ameshapata. Ndugu zangu, nawaambia, aibu ile nilijifungia nayo ndani. Kwetu Mpwapwa sikurudi, ningemwambia nini mama? Na kule tulikokuwa tukisali nikaacha kwenda, maana walituzoea wawili.

Kazi ya maua niliipata kwa sababu nilitaka tu kutoka kwenye kile chumba. Dada mmoja mpambaji alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia. Nilidhani nitashika maua, kumbe nilishika miiba. Waridi zinatoka Arusha kwa basi, zimebanwa kwenye maboksi, zinafika na kiu. Unatoa miiba, unakata shina kwa mshazari, unaziweka kwenye ndoo kabla upepo wa Dodoma haujazikausha. Vidole vilivimba, lakini nilikuwa na mahali pa kwenda asubuhi.

Siku niliyoachiwa meza ya maharusi peke yangu, niliharibu. Kuna sponji ya kijani tunayochomekea maua, ndiyo inayoyanywesha. Nilikuwa na haraka, nikaikandamiza ndani ya maji ili iloe upesi. Nje ililoa, ndani ikabaki kavu. Joto lilipopanda, kabla bibi harusi hajaingia, waridi zote zilikuwa zimeinamisha shingo. Nilitamani ardhi inimeze. Yule dada hakunifokea. Alisema, "Mdogo wangu, sponji haisukumwi. Iweke juu ya maji, uiache. Ikishiba itazama yenyewe."

Aliponiona nimeiva, akaniruhusu nikajitegemee. Nikapanga ndoo zangu pale Kizota, katikati ya mafundi wa kuchomelea. Walinitania sana. "Dada, hapa watu wanafuata mageti. Maua utamuuzia nani?" Nikacheka nao, na wateja wakaanza kuja polepole.

Lakini kazi hii ina upweke wake. Mpambaji anaingia ukumbini kukiwa kutupu, anarudi kukiwa kutupu. Hapo katikati watu wamekula, wamecheza, wamepiga vigelegele, wewe unakuja kukuta chupa za maji na viti vimekaa ovyo. Nilipamba ndoa za watu, nikifika nyumbani sina wa kumwambia kwamba leo maua yametoka vizuri. Niliyaambia maua yenyewe. Mnacheka, lakini ni kweli.

Jumapili asubuhi nilikuwa nikitoka kufungua mapambo ya harusi za Jumamosi, na wenye harusi wananiachia maua yaliyobaki. Siku moja nikapita hapa, mlinzi akanifungulia, nikayaweka kwenye chombo cha madhabahuni. Ikawa kawaida yangu. Nyie mkianza kuingia, mimi nimeshafika barabarani. Nilizisikia nyimbo zenu kwa mbali, nikalia njiani, nikaenda kulala.

Kisha malaria ikaniangusha. Simu ililia, kila aliyepiga alikuwa mteja. Nilikuwa nimelala pale nikijiuliza, nikifa humu, nani atajua? Jibu nililolipata ni mwenye nyumba, siku akifuata kodi. Wapendwa, hilo wazo liliniumiza kuliko homa.

Jumapili ile mchana nikasikia hodi. Mama mmoja mtu mzima, simjui, ana kimfuko cha karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ni wewe unayetuwekea maua?"

"Ndiyo, mama."

"Leo chombo kilikuwa kitupu. Nimeuliza kanisa zima, hakuna anayekufahamu. Mlinzi ndiye kaniambia unauza maua huku Kizota, na mafundi wakanionyesha mlango."

Nikaanza kuomba radhi kwa kukosa kuja. Akanikatiza. "Sikuja kukudai maua. Nimekuja kukaa." Akakaa. Akanikorogea uji, akanipeleka zahanati, tukarudi, akawa anabangua karanga zake. Hakuniuliza mume yuko wapi, wala kwa nini siingii kanisani. Alikuja tena kesho yake, na siku zilizofuata. Siku moja, bila kuulizwa, nikamweleza yote. Alinisikiliza, akasema, "Tangu mzee wangu afariki, benchi lile nakaa peke yangu. Ukimaliza kuweka maua, usitoke."

Jumapili iliyofuata niliweka maua, nikaenda mpaka mlangoni, miguu ikagoma. Nikageuka. Alikuwa ameshasogea, amenipisha upande wa dirisha.

Namshukuru Mungu. Namshukuru dada aliyenifundisha kazi, mlinzi, na wale mafundi wenye utani. Mama yangu huyu simtaji, amenikataza, na sasa hivi ameinamia kitenge chake. Asante, mama. Kwetu Mpwapwa nimeshakwenda, nikamwambia mama mzazi ukweli, akanipikia ugali na mlenda.

Ninalowaomba ni hili. Msingoje chombo kiwe kitupu ndipo muulize anayekijaza. Na mkimpata, msimsukume, kaeni naye.

Na wewe uliyekaa karibu na mlango leo, ili utoke kabla hatujasalimiana, nakujua, hata kama sijui jina lako. Benchi letu ni la tatu, upande wa dirisha. Tumeshasogea kukupisha, nafasi ipo.