Mana Cading na Kisiwa Ambacho Hakijakaguliwa

Baada ya miaka thelathini na nne katika ofisi ya utalii ya mkoa wetu, Bi. Leocadia Abunales, ambaye sisi sote humwita Mana Cading, yaani dada mkubwa, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Anaondoka na nishani tano za ukarimu. Ya kuvutia watalii anayo moja tu, ya zamani, na hapendi kuulizwa habari zake.

Aliipata kwa kisiwa cha Manlugang. Alikitangaza kwa vijitabu na mabango mpaka watalii wakamiminika, hoteli ikajengwa, na wavuvi wakahamishiwa bara, mtaa wa nyuma ya soko. Shangazi yake leo anatandika vitanda vya wageni palepale lilipokuwa jiko lake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema apone akiwa wapi.

Kilibaki kisiwa cha pili, Hinabyan, nyumbani kwa mama yake na kaya nyingine arobaini, chenye mchanga mweupe kuliko wa Manlugang. Wakubwa walihitaji ripoti ya ukaguzi tu ili hoteli ianze. Na kanuni ni kanuni: mkaguzi asipokanyaga kisiwa, hakuna ripoti. Mana Cading akapewa kazi ya kuwapokea wakaguzi, akaipokea kwa mikono miwili.

Tarehe alizipanga yeye, macho kwenye jedwali la maji kupwa na kujaa lililobandikwa juu ya meza yake. Wakaguzi walifika ufukweni saa tatu asubuhi, wakavishwa mashada ya maua, wakakuta meza imejaa: wali wa nazi uliofungwa majanini, tambi, kamba wa kukaanga, na nguruwe mzima wa kuchoma. Nani kwetu hukataa akikaribishwa chakula? Mmoja alijaribu. “Mana, tumekuja kazini jamani, ngalawa inatungoja.” Akamjibu, “Kula kwanza, baba. Kisiwa hakina miguu.” Akala. Baada ya nguruwe likaja tembo la mnazi, baada ya tembo usingizi kidogo, na kufika saa saba maji yalikuwa yamekupwa na ngalawa imelala ubavu. Walirudi mjini na vifurushi vya wali, wakaandika barua ya kumpendekezea nishani.

Timu tisa zimekuja na kuondoka hivyo. Mimi nilibeba mashada miaka minane nikidhani mama huyu ana gundu tu na bahari. Siku nilipomuuliza, alisema, “Shangazi yako wewe analala wapi?” Nilijionea haya, na tangu siku hiyo nampenda.

Sasa taabu imetukuta. Mkurugenzi mpya atakikagua Hinabyan yeye mwenyewe tarehe 14 Julai, siku tuliyompangia sisi, ila Mana hatakuwepo. Nguruwe hali, tembo hanywi, na chakula chake cha mchana huja nacho, majani matupu ndani ya kibakuli chenye kifuniko. Ofisi nzima ilinyong’onyea. (Tunaandika haya bila wasiwasi: jarida hili la ofisi mkurugenzi hulisoma mpaka afike kwenye picha yake, na picha yake iko ukurasa wa kwanza.) Mana Cading hakushtuka. Alimpigia simu dereva wa zamani wa mkurugenzi, wakacheka nusu saa nzima, kisha akatuachia hati ya makabidhiano yenye mstari mmoja: “Akishika kipaza sauti hakiachii. Anzeni na nyimbo za mapenzi.”

Mana, ahsante kwa kutufundisha kazi ambayo haimo kwenye mwongozo wowote wa serikali. Tutakukosa, na hilo tunalisema bila utani. Mungu akupe uzee mwema huko Hinabyan, kando ya mama yako. Mashine ya karaoke tumeshaikodi, ina nyimbo elfu mbili, na siku hiyo maji yanakupwa saa sita na nusu. Wasalimie majirani. Wala usitupikie, Mana, hatutafika.