Selipher Nanjala, Aliyeitikia Jina la Arwa

Leo Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025, tumekutana Kiminini katika boma la marehemu Mzee Jotham Wekesa kumsindikiza binti wa hapa. Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na dadake mdogo, Truphena. Mengine yaliyomo Selipher aliyaeleza mwenyewe akiwa mgonjwa, akaomba yasomwe mbele ya watu. Alisema hataki kuyabeba kaburini peke yake.

Selipher Nanjala alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979 hapa hapa Kiminini, Trans Nzoia, mtoto wa tatu wa Mzee Jotham na Mama Rael Nasimiyu. Mama Rael husimulia kwamba mtoto huyu hakuja kwa fujo kama wenzake. Mkunga alipata nafasi ya kumaliza chai yake.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini na kumaliza darasa la nane mwaka wa 1994, kisha akajiunga na sekondari ya kutwa hadi kidato cha pili, mama alipougua na yeye akabaki nyumbani kumuuguza. Wenzake wa darasa wanakumbuka siku mwalimu alipomkuta amekaa nyuma ya jiko la shule, amefumba macho, ametulia tuli. Mwalimu akadhani anasali, akangoja kwa heshima. Alipofumbua macho, akamuuliza alikuwa anaombea nini. "Siombi, mwalimu," akasema. "Natafuna muwa. Ukiwa mtamu hivi, siwezi kuutafuna nikiangalia vitu vingine." Ndivyo alivyokuwa. Kazi hazikumwisha maishani, lakini raha ndogo ilipomjia aliipa nafasi yake yote.

Tarehe 1 Desemba 2001 alifunga ndoa na Samuel Barasa, fundi mwashi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kevin mwaka wa 2003 na Rita mwaka wa 2008. Samuel alikuwa mcheshi, na jioni wawili hao walipenda kuketi mlangoni wakibishana juu ya redio. Samuel alifariki ghafla Agosti 2014. Februari iliyofuata Selipher alimkabidhi Rita kwa Truphena, akamwacha Kevin kwa nyanya yake, akapanda ndege kwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani. Rita alikuwa na miaka sita. Pale uwanja wa ndege alikataa kumuaga mama yake.

Nyumba aliyofikia Riyadh ilikuwa ya Madam Samia, mwalimu mwenye watoto wanne na shughuli nyingi. Selipher alipika, alifua, alipiga pasi, aliosha ngazi, na juu ya hayo yote alimtunza mamake madam, Bibi Safa, aliyekuwa amepoteza kumbukumbu. Katika wiki ya kwanza, akiwa anamvisha, ajuza yule alimshika mkono, akamkazia macho.

"Arwa," akasema. "Umerudi."

Selipher hakujua Kiarabu kingi wakati ule, lakini alijua hilo si jina lake. Akajigusa kifuani. "Mama, mimi Selipher. Arwa mafi." Yaani Arwa hayupo. Bibi Safa akaanguka kitandani akilia kilio cha mtu aliyepigiwa simu ya msiba wakati huo huo. Madam Samia alikuja mbio. Jioni alimwita Selipher jikoni na kumweleza polepole. Arwa alikuwa dada yake, kitinda mimba. Alifariki kwa ajali ya gari akiwa njiani kwenda Jeddah, miaka mingi iliyopita.

"Mwache akuite Arwa," madam akasema. "Ukimwambia ukweli, anafiwa upya. Sisi tumeshindwa kufiwa na mtu yule yule kila siku."

Basi Selipher akawa Arwa. Ajuza alipoita, aliitika. Alipoulizwa amerudi lini, alisema jana. Na kila siku baada ya sala ya alasiri, nyumba ikiwa imenyamaza, aliubeba mwili ule mwepesi hadi kwenye ua wa ndani, akamwaga maji juu ya vigae vilivyopata moto tangu asubuhi, na wote wawili wakavua viatu wakaweka nyayo pale kwenye umajimaji. Walikunywa chai ya mnanaa. Ajuza alimpapasa nywele na kumwimbia. Ilikuwa saa pekee ambayo hakuna aliyemtuma Selipher popote. Alimwambia Truphena kwa simu, "Dada, kuna saa moja hapa ninakuwa mtoto wa mtu. Naionea haya, lakini naingoja tangu ninapoamka."

Aliionea haya kwa sababu ya Rita. Wakati yeye akiitwa binti na mama asiye wake, binti yake alikuwa ameshaanza kumwita Truphena mama. Na kwenye simu alimwita Selipher "aunty".

Alasiri moja mwaka wa 2019, nyayo zao zikiwa bado majini, Bibi Safa aliacha kuimba. Sauti yake, Selipher alisema, ilikuwa safi kabisa, kama ya mtu ambaye hajawahi kusahau kitu.

"Arwa, hukutaka kwenda Jeddah. Ulinililia. Mimi ndiye niliyekusukuma ndani ya gari. Nisamehe."

Selipher alitazama mlango. Madam hakuwepo. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza kama haya nayo yamo katika yale aliyoruhusiwa kuyaitikia. Ajuza alikuwa anangoja.

"Nimekusamehe, mama," akasema.

Bibi Safa akashusha pumzi ndefu, akaomba chai zaidi. Alifariki wiki hiyo hiyo, usingizini, na waliomwosha walisema uso wake ulikuwa umetulia kama wa msichana.

Baada ya matanga Madam Samia hakuhitaji tena mfanyakazi wa kukaa nyumbani. Binamu yake Ziyad, aliyeishi Jeddah, akakubali kuwa kafili wake mpya, yaani mwajiri anayemdhamini nchini, na karatasi zikabadilishwa. Walisafiri kwa gari, Ziyad na mkewe mbele, Selipher nyuma pamoja na mizigo. Saa nyingi jangwani. Mahali fulani barabarani, hakujua ni wapi wala hakuthubutu kuuliza, alihisi kiti kilicho kando yake kimebonyea, kama mtu anavyoketi. Hakutazama. Alisogeza mkoba wake kidogo, kumpa mtu nafasi. Gari likafika Jeddah salama, na tangu siku ile, kwa maneno yake mwenyewe, Arwa naye alikuwa amefika.

Huko Jeddah alifanya kazi karibu miaka mitano. Ijumaa aliruhusiwa kutoka, akaenda mtaa wa Kandara, huko huko Jeddah, kwa Rispah, Mkenya mwenzake aliyekuwa na chumba juu ya duka la mazulia. Walikaanga mandazi, walisukana nywele, walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Rispah alipiga simu juzi, akasema hajapata kumwona mtu anayefurahia mandazi namna ile. Lakini alisema pia kwamba Selipher alikuwa akigeuka ghafla katikati ya maneno na kuitika, "Naam?", wakati hakuna aliyeita. Kwa kina Ziyad ilikuwa hivyo hivyo. Akiwa anapiga pasi, sauti ya kike ilimwita kutoka chumba cha kufulia, "Arwa," taratibu, kama anayejaribu jina ambalo lilikuwa lake. Akienda, palikuwa na mashine inayozunguka tu.

Alimwambia Truphena, "Nilisamehe kwa niaba ya mtu nisiyemjua. Hakunituma. Sasa anakuja kuuliza."

"Mwambie mchungaji akuombee kwa simu," Truphena akamshauri.

"Ataomba aondoke. Mimi sitaki aondoke. Nataka kujua kama nilikosea."

Mapema 2024 alianza kuumwa tumbo na kukonda. Madaktari walikuta uvimbe kwenye kizazi, nao ulikuwa umeenea. Alirudi nyumbani Julai 2024. Rita, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alimpokea kwa adabu kama mgeni. Alimletea maji, akamwita aunty. Truphena alitaka kumkemea, lakini Selipher akamzuia. "Mwache. Mimi nimeitikia jina lisilo langu miaka mingi. Naweza kungoja."

Alingoja. Katika miezi ile Rita ndiye aliyemlisha na kumgeuza kitandani. Walizoea kukaa kimya pamoja wakichambua kunde, kazi ambayo Selipher aliweza kuifanya akiwa amelala, na aliichambua kwa raha, akipitisha vidole ndani ya mbegu hata zilipokwisha kuchambuliwa.

Mwishoni mwa Februari, mchana, Rita alikuwa akimpangusa mama yake uso, Selipher akasema kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili, "Arwa, umekubali?"

Rita alijua habari hiyo yote kutoka kwa Truphena. Mkono wake ulisimama. "Mama," akasema, na hakuwa amewahi kumwita hivyo tangu arudi, "mimi ni Rita."

"Najua wewe ni Rita. Nazungumza na huyo aliye nyuma yako."

Rita hakugeuka. Nyuma yake palikuwa na mlango ulio wazi. Baadaye aliuliza, "Amesema nini?"

"Hajasema. Amesimama tu hapo. Mpe kiti, mwanangu, amekuja kutoka mbali."

Mama Rael alitaka watu wa maombi waitwe kukemea. Selipher akakataa kwa nguvu ambayo hatukujua bado anayo. Basi Truphena akaleta kiti kutoka sebuleni, akakiweka karibu na kitanda, na hakuna aliyekikalia tena. Tuliojaribu kupita karibu nacho tulijikuta tunakizunguka. Kuanzia siku hiyo Selipher hakuuliza swali lile tena. Alilala ameelekeza uso upande wa kiti, na mara nyingine alitabasamu, kama watu wawili waliochoka wanaokaa bila kuhitaji mazungumzo.

Jumapili tarehe 9 Machi 2025, alasiri, mvua ya kwanza ya msimu ilianza kunyesha. Aliomba dirisha lifunguliwe. Harufu ya udongo ilipoingia, alifumba macho, akavuta pumzi, akaitoa, na akakaa muda mrefu bila kuvuta nyingine. Tulidhani anaifurahia mvua. Rita ndiye aliyegundua kwamba ameondoka.

Selipher ameacha mama yake, Rael Nasimiyu. Mwanawe Kevin na bintiye Rita. Dadake Truphena, na kaka zake wawili. Huko Kandara amemwacha Rispah. Kutoka Riyadh, Madam Samia ametuma salamu za rambirambi na kuomba jina lake liandikwe miongoni mwa wafiwa, kwa kuwa, amesema, nyumba yake imefiwa na dada kwa mara ya pili. Familia imekubali, na limeandikwa.

Alifanya kazi za watu wengi. Mwenyezi Mungu na amjalie sasa mapumziko marefu, apumzike kwa amani, yeye na aliyekuja naye.