Bi. Verna Osterhout, Karani Aliyeitisha Mkutano Mara Mbili

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuutumikia mji wetu wa Tannery Hollow, Bi. Verna Osterhout anastaafu ukarani tarehe 31 Desemba. Meza yake tumeshaanza kuizungukazunguka, lakini kiti chake hakuna aliyethubutu kukikalia.

Aliingia ofisini akiwa bado binti, na kazi ilikuwa ileile ya sasa: kuandikisha mbwa, kuuza vibali vya kuwinda, kutoa vibali vya ndoa, kuandika yanayosemwa barazani. Siku moja alikuja kijana na mchumba wake, na mbwa pia, akaanza kuulizia kibali cha mbwa. Bi. Verna akamtazama juu ya miwani. “Baba, anza na bibi harusi. Mbwa hana haraka.” Wale wawili wana wajukuu sasa.

Na sisi akina mama tunamjua kwa jingine. Ukija na mtoto analia, unapokonywa huyo kwanza, shida yako utaieleza baadaye. Amegonga mihuri mingi kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umembeba mtoto wa mtu.

Ila mji utamkumbuka zaidi kwa ile kesi ya gesi.

Kampuni ilikuja kukodi mashamba milimani. Ilitaka kusukuma maji yaliyochanganywa na kemikali chini kabisa, miamba ipasuke, gesi itoke. Hapa kila nyumba inakunywa maji ya kisima chake. Wenye watoto wadogo tuliogopa. Wafugaji, ambao maziwa yalikuwa hayawalipi tena, waliona mlango umefunguka. Mmoja wao alikuwa Wendell Osterhout, mdogo wa mume wa Bi. Verna, aliyekwisha kusaini mkataba. Chakula cha Jumapili katika ukoo ule kikawa cha kimya.

Baraza likaandaa sheria ya kupiga marufuku uchimbaji huo. Mwanasheria wa mji alionya kwamba namna ya kuchimba ni mambo ya jimbo la New York, na mji ukiyagusa utashindwa. Lakini ardhi itumike kwa nini, hilo ni la mji. Bi. Verna aliwaeleza watu kwenye dirisha la ofisi yake kwa maneno yake: hatumfundishi mtu kuchimba, tunasema tu hapa ni malisho, hapa ni makazi, na mitambo haina mahali.

Sheria inataka wananchi wasikilizwe kabla ya kura. Bi. Verna akapanga mkutano, akatangaza gazetini, kila kitu sawasawa. Isipokuwa aliupanga Jumatatu ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu. Mwezi mzima alikuwa akiwauzia watu vibali vya kuwinda kwa mkono wake mwenyewe, na bado hakuona kwamba siku zinagongana. Jioni ile ukumbi ulijaa waliopinga gesi. Walioitaka walikuwa kambini msituni na bunduki zao. Wajumbe wa baraza wakapiga kura, marufuku ikapita, watatu kwa wawili, watu wakapiga makofi.

Wendell aliporudi alikuja moja kwa moja dirishani.

“Shemeji, umenizika nikiwa msituni.”

Kesho yake Bi. Verna aliliomba baraza lirudie mkutano na kura. Mwanasheria akasema hakuna haja, tangazo lilikuwa halali. Mwenyekiti akakasirika kabisa: wafugaji wangekuja wote, na mjumbe mmoja tu akigeuka, marufuku imekufa na visima vyetu viko mashakani. Bi. Verna alikuwa na kisima pia, na mjukuu aliyekunywa humo. Akasema, “Sheria ya kuwavizia majirani sitaitia muhuri nikalala.” Wakamkubalia kwa shingo upande.

Mkutano wa pili ulikwenda mpaka kahawa ikaisha. Wendell alizungumza kuhusu zizi lake linaloporomoka na mwanawe aliyehama, na hata waliompinga waliinamisha vichwa. Mama mmoja alisimama na chupa ya maziwa ya mtoto mkononi, akasema tu kwamba anayachanganya na maji ya kisima. Kura ikapigwa. Watatu kwa wawili, vilevile. Hakuna aliyepiga makofi.

Kampuni ikatushtaki, ikadai jimbo peke yake ndilo lenye kauli juu ya gesi, na tena kwamba wakulima walinyimwa nafasi ya kusema. Wakili wake akamfuata Wendell asaini kiapo kuhusu hilo la pili. Wendell akamrudisha na karatasi yake. “Nilisikilizwa mpaka nikajichoka mwenyewe,” akamwambia. “Nilishindwa. Kushindwa si kunyimwa.” Dai likaanguka. Likabaki lile la kwanza, likapanda ngazi zote hadi mahakama ya juu kabisa ya jimbo, na majaji wakasema kupanga matumizi ya ardhi ni haki ya mji.

Siku ya habari hiyo Bi. Verna alifunga dirisha mapema, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akaenda kwa Wendell. Waliyozungumza ni yao. Tunachojua ni kwamba Jumapili iliyofuata walikula pamoja, na kelele zilisikika mpaka barabarani.

Karamu ya kumuaga ni Jumamosi, ukumbi wa zimamoto. Kuku atachomwa na Wendell, ambaye ametuomba tuandike hapa kwamba kuhusu gesi bado anaona tulikosea, na kwamba atakayechelewa atakula mifupa.

Bi. Verna, asante kwa muhuri wako na kwa bega lako. Kapumzike, ule vizuri, uzeeke taratibu. Maji ya visima bado ni matamu, na tukigombana tena, tutahakikisha kila mtu yumo ukumbini.