Jina la Auntie Dubai

Benchi la mtaa wa Rhonda, mbele ya kinyozi, lina sheria moja: ukilikalia wiki mbili unabatizwa upya, na jina la kitambulisho linasahaulika. Wamalwa, fundi viatu, alikuwa Soli. Asubuhi hiyo alikuwa na furaha ya kukera watu, maana bintiye Nakhumicha alikuwa anaondoka kwenda kazi ya hoteli ng'ambo. Chifu naye alikuwa ameomba kila mtaa uunde kamati ya kuzuia ulanguzi wa binadamu. Benchi likajichagua, likaitisha kahawa.

— Mlanguzi ni rahisi kumjua, akasema Dalmas, aliyeitwa Hansard kwa sababu hajawahi kukosea. Anavaa miwani nyeusi, na gari yake haina namba.

— Hiyo ni ya kitambo, akasema Tanveer wa duka la spea, yaani Plagi. Siku hizi wanatumia drone. Inakupima uzito ukiwa umelala.

— Ndiyo maana mimi hulala na viatu, akasema Hansard. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo methali si ya hapo, Soli akasema.

— Methali haina stage, boss. Inashuka popote.

Wakaamua mtu akae Kikopey, kando ya barabara kuu, achunguze magari yanayosimama kununua nyama choma. Hansard akajitolea kabla hajaombwa.

— Wewe Soli una bahati, akasema Plagi. Msichana wako anapelekwa na mtu tunamjua.

— Kabisa! Auntie Dubai amekula ugali kwangu mara tatu. Hata pasipoti ya mtoto amemwekea, isipotee.

Wachuka, mgeni aliyetumwa na kikundi cha akina mama kuandikisha kamati, akainua kalamu.

— Samahani, wazee. Huyo Auntie Dubai anaitwa nani?

Soli akamtazama Hansard. Hansard akamtazama Plagi. Plagi akachungulia kikombe.

— Si ni yule wa Lanet, akasema Hansard.

— Lanet wapi? akauliza Wachuka.

Soli akaruka kutoka benchini, akamsukumia Wachuka simu ampigie binti. Wachuka akapiga, akamwekea Soli sikioni.

— Nakhumicha! Uko wapi?

— Kwa stage, baba. Auntie ananingoja kwa gari.

— Usipande! Muulize jina lake, lile la kitambulisho.

Wakangoja.

— Baba, nimemuuliza. Amewasha gari akaenda.

— Na wewe?

— Mimi niko hapa. Lakini ameenda na pasipoti yangu!

Soli akakaa chini kwenye vumbi, akalia mbele ya kamati nzima bila haya.

— Iende, mama, akamwambia bintiye kwa simu. Iende.