Mzee Gerson Lugembe na Mabasi ya Mutandala

Marehemu Gerson Silasi Lugembe alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 hapa hapa Usoke, mtoto wa tatu wa Mzee Silasi, mkulima wa tumbaku, na Mama Recheli. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi katika njia ya misafara, mmoja wa wale waliobeba mizigo ya watu hadi pwani. Kwa wazee hao marehemu alirithi mabega mapana na, tusifichane, uvumilivu wa kumsubiri mkubwa amalize chai yake.

Alisoma shule ya msingi Usoke na sekondari mjini Tabora, kisha chuo Dar es Salaam, alikosomea uhusiano wa kimataifa. Alirudi likizo na suti ya kaki na neno jipya: itifaki. Tangu siku hiyo hata kuku wa Krismasi hakuliwa nyumbani kwao kabla haijajulikana paja ni la nani.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na Yustina Marko katika kanisa la Moravian. Mgeni rasmi, bosi wake, alichelewa, na bwana harusi akaamuru pilau isiguswe. Ilikuja kuliwa imeganda. Mama mkwe akauliza kwa sauti, ukumbi mzima ukisikia, "Huyu ameoa mwanangu au ameoa bosi?" Tumeicheka hadithi hiyo miaka yote. Leo haitoki vizuri kinywani.

Marehemu alifanya kazi katika ofisi ya usuluhishi ya kanda hadi alipostaafu mwaka 2019. Alikuwa msuluhishi kweli, hatumpunguzii. Mwaka 2016, vita vilipopamba moto ng'ambo ya ziwa, alitumwa Mutandala, mji uliozingirwa huku raia wakiwa ndani. Kanali wa waliouzingira hakutaka hata kumpa mkono. Marehemu alipomsikia anavyoongea, akagundua kwamba jamaa amekulia ukimbizini Ulyankulu, hapa mkoani kwetu.

"Wewe mtoto wa Ulyankulu, umekula mihogo yetu mpaka ukaota ndevu, leo unaninyima mkono?"

"Na ilikuwa michungu, mzee," kanali akajibu, akacheka. Mkono ukatolewa. Wakakubaliana: bunduki zinyamaze, raia watoke kwa mabasi kesho yake asubuhi.

Asubuhi mabasi yalijaa kwenye uwanja wa kanisa, na dereva wa basi la mbele, Damas, alikwishawasha. Ndipo simu ikaja kutoka ofisini. Mjumbe mkubwa yuko njiani kwa ndege, anakuja kupeperusha bendera ya kuyaaga mabasi mbele ya wapiga picha; mabasi yasiondoke bila yeye. Marehemu angeweza kukataa. Alimwambia Damas azime gari.

"Mzee, hawa wenye bunduki hawamjui mgeni rasmi," Damas akasema.

"Ni itifaki, kijana."

Hema likasimamishwa. Watu waliokwisha kukaa kwenye viti vya basi wakateremshwa, wakapangwa kama kwaya, wakafundishwa wimbo wa mapokezi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamfuata marehemu.

"Baba, tunamngoja nani?"

"Mgeni rasmi, mama."

"Naye anapanda basi letu?"

Marehemu akaenda kukaza kamba za hema. Hata jina la mama yule hakuliuliza, na hilo nalo lilimtafuna hadi mwisho. Jua lilipopinda, makombora yakaanza upya na moja likaangukia kwenye hema. Damas aliondoka na waliosalia bila ruhusa ya mtu. Yule mama hakuwamo. Mjumbe alikuwa ametua mji mwingine, akiandaliwa chakula cha mchana.

Ripoti ya ofisi ilimsifu marehemu kwa maandalizi mazuri, akapewa ngao. Sisi ndugu tukachinja mbuzi, tukamwita Balozi, tukaitundika ngao sebuleni. Nyama hakuigusa. Tukasema ana gauti, tukagawana sehemu yake.

Alipostaafu aliishusha ngao ile ukutani, na tangu hapo hakuna aliyesubirishwa na Gerson Lugembe. Alifungua mlango kabla hujamaliza hodi. Jumapili, ibada ikiisha, aliwasha pikapu na kuondoka na yeyote aliyekuwamo. "Ananisahau kanisani kama mwavuli!" mkewe Yustina alilalamika, na sisi tukacheka tena. Hatukumuuliza anakimbia nini.

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua. Kwenye foleni ya hospitali mjini Tabora aliwapisha watu mpaka muuguzi akamfokea, "Babu, na wewe ni mgonjwa!" Kabla ya kufariki, tarehe 9 Septemba 2025, alimsimulia mkewe habari yote ya Mutandala na kumwomba mambo mawili: isomwe siku ya kumzika, na asisubiriwe mtu.

Mdogo wake Benjamini, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alikuwa amekwisha kumwalika mheshimiwa mbunge awe mgeni rasmi.

"Shemeji, haya ya Mutandala tuyaruke. Tutaaibika mbele za watu."

"Tuaibike, shemeji," Yustina akamjibu. "Yeye ameaibika peke yake miaka tisa, na sisi tulikuwa tunakula mbuzi."

Ndiyo maana mnayasikia.

Marehemu ameacha mjane, Yustina, watoto wawili, Raymundi na Recheli, wajukuu wanne, na mdogo wake Benjamini. Mutandala nako kuna walioachwa, ambao tunaona haya kusema hatuwajui.

Mazishi ni saa nane. Karatasi hii ikiwa inakwenda kuchapwa, mheshimiwa amepiga simu: bado yuko Nzega, anaomba asubiriwe kidogo. Benjamini aliziba simu kwa kiganja, akamtazama shemeji yake.

"Mwambie karibu sana," Yustina akasema. "Wali wake tutaufunika. Na kile kiti cha mbele akikalie bibi yeyote aliyechoka."

Bwana ampumzishe Gerson kwa amani. Ila aanze na wale wa Mutandala.